Chupa Tatu za Wino na Mvi za Bibi

Printa yangu ni ya rangi sita, ya kuchapia picha nyumbani, na katriji zake nazijaza mwenyewe kwa bomba la sindano. Nimeshapitia chupa za aina tatu. Majina ya watengenezaji nayaacha: wa kwanza nina ugomvi naye, na hao wengine sitaki nionekane nawapigia debe.

Chupa ya kwanza iliandikwa kwamba inafaa printa zote. Maneno hayo yangetosha kunishtua, ila macho yangu yalikuwa kwenye ukubwa wa chupa. Printa hazifanani tumboni. Za nyumbani za Canon na HP huchemsha wino: kidude kidogo ndani ya kichwa, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kinapata moto ghafla, povu linatokea na kurusha tone. Za Epson hazichemshi kitu. Ndani yake mna kipande kinachojikunja umeme ukipita, nacho ndicho kinachosukuma wino nje. Wino wa kuhimili moto unatengenezwa vingine, na wa kusukumwa vingine. Sasa chupa moja itawatosheleza vipi wote wawili?

Picha ya kwanza kuchapa ilikuwa ya bibi yangu, nyeusi na nyeupe. Ukitaka kuujua wino, anza na picha ya namna hiyo. Kijivu chake kwa sehemu kubwa kinapatikana kwa kuchanganya rangi, kwa hiyo moja ikizidi hata kidogo, picha nzima inaelemea upande wake. Mvi za bibi zilitoka na ukijani. Akavaa miwani, akasogea dirishani: “Mjukuu wangu, mbona nimeota ukungu kichwani?”

Kwa haki, hilo lilikuwa na dawa. Mipangilio ya rangi inayokuja na printa imepimwa kwa wino wake wa asili, na ukibadilisha wino inabidi utafute profaili ya rangi, yaani faili linaloelekeza rangi zichanganywe vipi, ya huo mpya pamoja na karatasi unayotumia. Nilirekebisha, ukijani ukapungua. Kilichonishinda ni kupauka. Nilichapa picha moja mara tatu: ya kwanza nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, ya pili nikaitundika ukutani bila fremu, mbali na jua, ya tatu nikaificha ndani ya kitabu. Baada ya wiki nane ile ya dirishani ilikuwa imepoteza samawati yake karibu yote, nyuso zimekuwa nyekundu kama za watu waliobanwa na pilipili. Ya ukutani nayo ilikuwa imeanza, na jua halijaigusa. Hapo ndipo nilipojua kuwa hewa nayo inakula picha, hasa gesi ya ozoni. Karatasi za picha zinazokauka papo hapo zina vitundu vidogo mno vya kunyonya wino, na vitundu hivyo havifungi mlango wino ukishaingia.

Wino huo wa kwanza ulikuwa wa rangi iliyoyeyuka. Baada ya hapo nikarukia upande wa pili kabisa: wino wa pigmenti. Huu rangi yake ni chembe zisizoyeyuka, zinazokaa juu ya karatasi badala ya kuzama. Dirishani ulinifurahisha, wiki nane zikapita nisione tofauti na ile ya kitabuni. Lakini printa yangu imetengenezewa wino wa rangi iliyoyeyuka, nami nikajifanya sijui. Kwenye karatasi ya kung’aa, ukiiinamisha picha kidogo, sehemu nyeusi zinageuka rangi ya shaba, kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Nikasafiri wiki mbili. Niliporudi, ukurasa wa kupima matundu ya kichwa yanayotoa wino ulitoka na mistari iliyokatika, njano ndiyo mbaya kuliko zote. Nikasafisha kichwa mara nne, na kila usafishaji unakunywa wino mzuri na kuutema kwenye sponji ya taka. Kosa hilo silitupii chupa. Mwenye printa iliyoundwa kwa pigmenti na karatasi isiyong’aa angeisifu.

Ninayotumia sasa ni ya tatu: wino wa kuyeyuka, lebo imetaja modeli ya printa yangu kwa jina, na samawati hafifu na pinki hafifu zimekuja kwenye chupa zake. Dirishani unapauka, sikufichi, ila polepole, na ile ya ukutani nimeiweka nyuma ya kioo na bado inasimama. Kabla ya kuiwekea kioo niliiacha siku nzima ikauke, maana unyevu ukibaki ndani unaacha utando. Weusi wake haujafikia wa wino wa asili; kwenye suti nyeusi mikunjo inapotea. Hilo nalivumilia.

Kujaza nako kuna adabu yake. Sindano iende taratibu, hewa isiingie, na usingoje katriji ikauke kabisa, hasa kwa printa ya kuchemsha, ambayo kichwa chake kinaweza kuungua kikifanya kazi bila wino. Kila wiki nachapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote. Na tarehe niliyofungua chupa naiandika ubavuni kwa kalamu.

Picha ya bibi niliichapa upya. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akanirudishia. “Hizi ni mvi,” akasema. “Zitakaa hivi mpaka lini?”