Bowman ya 1992: seti ya chipukizi wa besiboli ninayoithamini kuliko zote za miaka ya tisini

Kadi namba 302 ya seti ya Bowman ya mwaka 1992, yaani mkusanyiko wa kadi za picha za wachezaji wa besiboli zinazouzwa katika pakiti, inamwonyesha kijana mwembamba kutoka Panama akiwa na nguo za kawaida badala ya sare ya timu, kana kwamba mpiga picha alimkuta njiani. Kijana huyo ni Mariano Rivera. Wakati huo alikuwa mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, wa ligi ndogo katika klabu ya New York Yankees, na mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwaka 2019 alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kwa kura zote, heshima ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuipata kabla yake. Nimeipitia seti hii kadi kwa kadi, zote 705, na kila nikifika kwenye namba hiyo hutua kidogo.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kuelezwa jambo moja. Katika besiboli ya Marekani, kijana aliyesajiliwa kwa kawaida hupitia miaka kadhaa ya ligi ndogo kabla ya kuonekana kwenye ligi kuu, na wengi hawafiki kamwe. Kampuni ya Topps, iliyoinunua Bowman mwaka 1956 na kulifufua jina hilo mwaka 1989, iliamua kuwapa nafasi kubwa vijana hao ambao bado hawajathibitika. Ndiyo maana wengi wao walipigwa picha wakiwa na mavazi yao wenyewe. Wapo wakusanyaji wanaoziona picha hizo kuwa dosari. Mimi naona ndizo uhai wa seti hii, kwa sababu zinamwonyesha mtu kabla hajawa jina.

Mike Piazza, namba 461, ni mfano mwingine mzuri. Klabu ya Los Angeles Dodgers ilimchukua mwaka 1988 katika raundi ya 62 ya uchaguzi wa kila mwaka ambao klabu hugawana vijana kwa zamu, wakati ambapo karibu kila klabu ilikuwa imeshamaliza kuchagua, naye akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake mwaka 1993. Trevor Hoffman, namba 11, alianza akiwa mchezaji wa ulinzi wa ndani kabla ya kugeuzwa mrushaji. Rivera alimaliza kazi yake na mechi 652 alizozifunga kwa kulinda uongozi wa timu yake, na Hoffman 601, na hakuna warushaji wengine waliofikia 600. Sijui namna bora ya kueleza uzito wa seti hii kuliko kusema kwamba kadi za chipukizi za watu hao wawili zimo ndani ya pakiti zilezile.

Hata hivyo, wanunuzi wa mwaka 1992 hawakuwa wakiwatafuta hao. Jina lililokuwa midomoni mwa watu ni Brien Taylor, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 1991 na kulipwa dola milioni 1.55 kwa kutia saini. Aliumia bega Desemba 1993 na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Kadi zake huuzwa kwa bei ndogo sana, nami nashauri kila mkusanyaji awe nayo, kwani bila yake seti hii haielezi kikamilifu matumaini ya wakati wake.

Kwa upande wa utengenezaji, kadi ni laini na zinang'aa, zenye kingo nyeupe ambazo kwa bahati mbaya hufichua upesi kona iliyochakaa au picha isiyokaa katikati. Kadi maalumu 45 zenye urembo wa rangi ya dhahabu zilitolewa moja katika kila pakiti ya kawaida. Hizo hukwaruzika kwa urahisi na zinahitaji uangalifu.

Sipendekezi kununua pakiti zilizofungwa. Nilipata sanduku kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniahidi kwamba halijawahi kuguswa, na baada ya kufungua pakiti zote sikukuta hata kadi moja ya majina makubwa, huku gundi ya baadhi ya pakiti ikionekana kuwa imebandikwa upya. Ni afadhali kununua kadi mojamoja, na kwa Rivera na Piazza kuchagua zilizokwisha kupimwa na kupewa daraja na kampuni inayoaminika. Aliye karibu na bahari azihifadhi mbali na unyevu, kwa maana kadi zinazong'aa huweza kushikamana.

Anayeanza na fedha kidogo ningemwelekeza kwanza kwa Hoffman. Kadi yake ni nafuu mno ikilinganishwa na ya Rivera, na mwenyewe yumo katika Ukumbi wa Mashujaa tangu 2018.