Reguleta tatu, pikipiki moja: uzoefu wangu hapa Tanga

Globu ya kwanza ilikatika nikielekea Tongoni alfajiri, kreti mbili za mikate nyuma. Ya pili ikakatika siku nne baadaye. Ya tatu haikumaliza wiki. Dalili ilikuwa ileile: nikipiga resi taa inawaka kali kama taa za wavuvi wa dagaa, halafu pu, giza. Na barabara ya Pangani saa kumi na moja alfajiri si ya kupapasa. Kuna ng'ombe, kuna watoto wanaokwenda madrasa, kuna wazee na baiskeli zao zisizo na hata taa ya nyuma.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, ya sisi 125, nina nayo mwaka wa nne. Kwa ugonjwa huu nimetumia shilingi 110,000 jumla, na kifaa kilichouponya, reguleta inayodhibiti umeme wa kuchaji, kiliuzwa 22,000. Nyingi ya hizo nyingine zilikwenda kwa kubahatisha, kwa hiyo nazieleza moja moja.

Fundi wa kwanza ni kijana wa jirani, mcheshi, ana wateja wengi. Alisema, "Bosi, globu za siku hizi feki tu, hamna kitu." Nikamwamini kwa globu mbili. Baada ya ya tatu nikamwambia pia kwamba kuna harufu ya mayai viza inatoka chini ya siti. Akafungua, akaishika betri, ilikuwa ya moto na ubavuni imevimba. Akasema betri imekufa. Hapo hakukosea, ilikuwa imekufa kweli. Kosa ni kwamba hakujiuliza nani kaiua. Nikanunua mpya kwa 45,000, yeye nikampa 10,000 ya kazi.

Kisha akafanya kitu ambacho wakati ule nilikiona ni ufundi mkubwa. Injini ikinguruma, akachomoa waya wa betri ili tuone kama pikipiki itazima. Haikuzima, akacheka, "Umeona? Inachaji hiyo." Naomba mwenye pikipiki asikubali kufanyiwa hivi. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa chombo. Ukiitoa ghafla injini ikiwa inakimbia, volti zinaruka juu zinavyotaka, na kinachopigwa ni reguleta, sidiai (kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia injini) na globu zilizowaka. Kama reguleta yangu ilikuwa mahututi, nadhani pale ndipo ilipokata roho, maana siku tatu baadaye betri mpya nayo ikaanza kunuka.

Mke wangu akasema nirudi kwenye baiskeli kama baba yake. Hakuwa anatania sana.

Dereva mmoja wa bodaboda pale Ngamiani ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Makorora. Hana kibao wala kontena. Ana meza, benchi, mwarobaini wa kivuli, na mita ya umeme ya njano ambayo kioo chake kimefungwa selotepu. Nikamwamkia, nikaanza kueleza habari za globu na betri. Akaniinulia mkono. "Ngoja mwanangu. Maneno yako nitayasikia, kwanza niulize pikipiki yenyewe."

Akagusisha nyaya mbili za mita kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa imezimwa: 12.9. Akapiga kiki, akaiacha ingurume polepole: 13.8. Akavuta mafuta taratibu, mimi nikiangalia namba. 14.5. 15.3. 16.8. Akaachia. "Betri ya volti 12 inataka 14 na kitu ukivuta mafuta. Ikipita 15 unaipika. Wewe unapika." Dakika mbili hazikufika. Globu tatu na betri moja, na jibu lilikuwa kwenye mita ambayo fundi wa kwanza hana.

Mbovu ilikuwa reguleta. Kwa asiyejua inafanya nini, wengine wanaiita rektifaya: magineti ya injini inatoa umeme unaokwenda na kurudi, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo unavyozidi nguvu. Betri haiwezi kuupokea hivyo. Reguleta inaugeuza uende upande mmoja, kisha inazuia unaozidi. Huo unaozidi unageuka joto, ndiyo maana kile kidude ni cha alumini na kina mapezi mgongoni, kipigwe upepo. Kwenye pikipiki ndogo nyingi kama yangu taa kubwa haili kwenye betri, inakula moja kwa moja kwa magineti kupitia usimamizi wa reguleta hiyohiyo. Ikiharibika inakuunguzia globu na kukuchemshia betri kwa pamoja, na wewe unahangaika na magonjwa mawili kumbe ni moja.

Mzee akaniambia nikanunue reguleta ya nyaya nne. Akanisisitiza niende na ile mbovu mkononi. Mimi nikaona uzito kusubiri aifungue, nikaenda na picha ya simu.

Dukani nikamwonyesha muuzaji picha. Akaitazama kidogo, akatoa moja kwenye boksi. "Hii hapa kaka, plagi ileile." Kweli plagi ilikuwa ileile, matundu manne. Bei 9,000. Nikafurahi, nikafunga mwenyewe nyumbani kwa bisibisi, nikaona mzee ataning'ang'ania tu pesa ya ufundi.

Wenyewe tunasema Tanga kunani, waja leo waondoka leo. Ile reguleta ilifunga safari hiyo. Kesho yake asubuhi nikafika Tongoni salama, nikateremsha mikate, nikahisi harufu ya plastiki inayoungua. Nikaigusa kwa kidole, nikakitoa haraka. Ilikuwa ya moto kama kikaango. Stata haikuvuta, nikapiga kiki. Nilipofika mjini taa ilikuwa nyekundu kama kaa la sigara, na baada ya hapo hakuna kuchaji kabisa.

Nikarudi Makorora kwa aibu. Shikamoo yangu siku hiyo ilikuwa ya chini sana. Mzee akaitikia, hakunisema. Akachomoa plagi, akaweka mita kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, ncha moja kwenye waya unaotoka kwenye magineti, nyingine kwenye chuma cha bodi. Mita ikasoma namba ndogo. Akanionyesha. "Koili yako mwisho wake umefungwa bodini. Hii uliyonunua ni ya zile ambazo koili haigusi bodi popote. Umeifunga hapa, kila umeme ukigeuka nusu yake inazunguka ndani ya reguleta bure, inajipasha moto yenyewe mpaka ife."

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijawahi kusikia muuzaji yeyote akikisema. Plagi kufanana si ushahidi. Kuna reguleta za matundu manne zenye waya mweupe, wa njano, mwekundu na wa kijani, ambapo mweupe ni wa kuchajia na wa njano ni wa taa. Na kuna nyingine za matundu manne zenye njano mbili, nyekundu na kijani. Zinaingia soketi moja, ndani ni vitu viwili tofauti. Za nyaya tano zenye njano tatu ni ukoo mwingine kabisa, na hizo angalau haziingii kwa bahati mbaya.

Safari hii nikaenda na zote mbili mfukoni, ya zamani na iliyoungua, tena duka jingine. Muuzaji akalinganisha rangi za nyaya, mpangilio wa matundu, hata nafasi ya tundu la bolti. Akanipa ya 22,000. Tofauti unaihisi hata kabla ya kuifunga: ni nzito, na mgongoni ile lami nyeusi imejaa vizuri hadi pembeni. Ile ya 9,000 lami yake ilikuwa na mashimo kama chapati iliyotoka mapovu. Sitaki kusema rahisi siku zote ni mbovu, kwa sababu yangu ile ilikufa kwa kufungwa pasipo pake. Ila hata ingefungwa pake nisingeiwekea dhamana.

Nikajaribu kurudisha ile iliyokufa dukani. Kuna kibao pale ukutani nilikuwa sijakisoma: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kazi ya mzee ndiyo ninayotaka kuisifu zaidi kuliko kifaa. Mimi nilikuwa nimefunga reguleta juu ya rangi ya fremu na kuridhika. Yeye alichukua msasa akakwangua rangi pale inapokaa mpaka chuma kikang'aa, akasema reguleta inapumulia hapo, na ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi, inapita hapo pia. Halafu akafungua soketi ya upande wa pikipiki. Tundu la waya wa kijani lilikuwa limeota kutu ya rangi ileile ya waya, na plastiki pembeni imeiva rangi ya kahawia. "Bahari hiyo," akasema. Wanaolaza pikipiki karibu na maji kama mimi wa Sahare, hewa ya chumvi inakula viungo vya nyaya kimyakimya. Kiungo kikilika, umeme unapita kwa shida, kinapata moto, na reguleta inadanganyika kuhusu hali ya betri. Huenda hata ile ya kiwandani iliuawa hivi.

Akakata ile soketi, akalehemu vichwa vipya, akapaka grisi kidogo ndani, akaongeza waya mmoja mnene kutoka reguleta hadi hasi ya betri. Saa moja na nusu, ikiwemo mapumziko ya kahawa na kashata. Malipo 15,000.

Kipimo cha mwisho: polepole 13.2, nikivuta mafuta 14.2, nikivuta zaidi 14.3, na hapo ikakataa kupanda. Nilivuta mara tatu kwa raha tu ya kuiona ikikataa.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Globu ni ileile. Betri ile ya 45,000 iliyonusurika nimeiongeza maji mara moja, maji ya betri, si ya bomba. Taa mbili za ziada nilizokuwa nimefunga mbele kwa mapambo nimeziondoa, mzee alisema magineti ya 125 haina ubavu wa kulisha disko. Kilichobadilika kwenye tabia yangu ni kimoja: nimenunua mita yangu, ya bei ya chini kabisa, na kila Jumamosi jioni napima kabla ya kuosha pikipiki. Jumamosi iliyopita ilisoma 14.1.

Lawama yangu kwa mzee ni moja. Simu hapokei. Ijumaa ndiyo usijisumbue, anafunga kabla ya adhuhuri na haonekani tena mpaka kesho yake, na foleni ya Jumamosi asubuhi pale chini ya mwarobaini inaanza kabla hajafika. Niliwahi kumkuta mtu ameketi kwenye benchi na globu tatu zilizoungua kiganjani. Nikamwuliza kama kuna harufu ya mayai chini ya siti. Akaniangalia kana kwamba mimi ni mganga.