Nilimsoma Sadie, kisha nikamsikiliza

Nilianza riwaya ya Sadie saa nne usiku nikijiambia sura mbili tu, kisha nilale. Saa nane nilikuwa bado macho, narudi nyuma kurasa hamsini kuhakikisha kama yule mama anayehojiwa kasema kweli au kadanganya. Kadanganya. Mtangazaji hajui, mimi najua, na sina namna ya kumwambia.

Hapo ndipo utamu wa riwaya hii ulipo. Sadie imeandikwa na Courtney Summers wa Kanada, ikatoka mwaka 2018. Sadie Hunter ana miaka 19, kakulia kwenye nyumba za trela katika mji mdogo wa Colorado, Marekani. Mama yao alizama kwenye dawa za kulevya, kisha akaondoka zake, hivyo aliyemlea mdogo wake Mattie ni yeye. Mattie anauawa akiwa na miaka 13. Upelelezi haufiki popote. Sadie ananunua gari kuukuu, anajipa jina jingine na kuingia barabarani kumsaka mtu anayeamini ndiye muuaji. Gari linakuja kukutwa limetelekezwa, vitu vyake vimo ndani, mwenyewe hayumo.

Sura moja ni podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni: West McCray, mtangazaji wa New York, anafuata nyayo za Sadie baada ya bibi mmoja jirani kumwomba msaada. Sura inayofuata ni Sadie mwenyewe anasimulia. Kwa hiyo unamwona binti anaingia mahali, anaongea na watu, anaumia, anaondoka. Miezi kadhaa baadaye West anafika mlango uleule na kinasa sauti chake, anaambiwa robo ya yaliyotokea. Muuaji ni nani si fumbo kubwa hapa, maana Sadie anamtaja mapema. Kinachokukaba koo ni kwamba West amechelewa, na kila sura anazidi kuchelewa.

West mwenyewe mwanzoni haoni kama kuna habari. Wasichana hutoroka nyumbani kila siku, ndivyo anavyoona, na bosi wake ndiye anayemsukuma. Nilimchukia kwa hilo, halafu nikakumbuka matangazo mangapi ya watoto waliopotea nimewahi kuyapita kwenye simu bila hata kusoma jina.

Sasa kigugumizi. Sadie ana kigugumizi, na kwenye karatasi herufi zinajirudia, maneno yanakatika. Akiwaza, hata hivyo, lugha yake inatiririka, kali, tena ina kejeli. Nilidhani nimeelewa hadi niliposikiliza toleo la sauti, ambalo limeigizwa na kundi zima la watu badala ya msomaji mmoja (lilipata Odyssey, tuzo ya vitabu vya sauti, mwaka 2019, na kitabu chenyewe kilipata Edgar, tuzo ya hadithi za upelelezi, mwaka huohuo upande wa vitabu vya vijana). Kuna pahala Sadie anahangaika na neno moja, nami nikajikuta nimeshalimalizia kichwani kabla yake. Nikaona haya. Ndicho hasa wanachomfanyia watu kitabuni, na ndicho asichokipenda.

Kasoro zipo. Katikati mahojiano yanazunguka palepale, na baadhi ya watu wanamfungukia West upesi mno kwa watu wenye siri nzito kiasi hicho. Sadie naye kila anapogota, hakosi kutokea mtu wa kumpa jina la mji unaofuata. Ukiwa msomaji wa riwaya za upelelezi utaguna. Mimi niliguna mara mbili, nikaendelea kusoma.

Jingine ulijue kabla hujampa kijana: kitabu kinahusu watoto kudhulumiwa kingono. Mwandishi haonyeshi tendo lenyewe, lakini unaelewa kila kitu, na kuna sehemu nililazimika kukifunga na kwenda kunywa maji. Nisingempa mtoto wa miaka 12, hata kama anasoma vizuri kuliko mimi.

Na mwisho umeachwa wazi. Nalisema waziwazi kwa sababu najua wapo wanaokasirika wakinyimwa jibu. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilidhani nakala yangu imechanika. Nikakagua jalada la nyuma, nikahesabu kurasa. Haikuchanika.

Ukiwa na uwezo wa kupata toleo moja tu, chukua la sauti. Sehemu za podikasti zinasikika kama podikasti kweli, pamoja na muziki wa kufungulia. La karatasi nimemwazima mdogo wangu wa miaka 17. Jana usiku kanitumia ujumbe, saa nane vilevile: "Yuko hai, sivyo?" Nimeusoma mara tatu, sijamjibu bado.