Kiungulia: kidonge cha kutafuna au omeprazoli?

Kiungulia cha mara mojamoja, kile cha pilau la usiku na kulala papo hapo, kinatulizwa na kidonge cha magnesiamu. Kitafune hadi kilainike. Ukikimeza kizima kinachelewa. Kinapoza tindikali iliyopo tu, ndani ya dakika chache, kisha nguvu inaisha. Usikimeze pamoja na antibiotiki za doksisaiklini au siprofloksasini, kinazuia zisifyonzwe.

Kiungulia kikirudi mara 2 au zaidi kwa wiki, omeprazoli miligramu 20 ni bora. Inafunga pampu zinazotoa tindikali tumboni zinapoamshwa na chakula, hivyo imeze nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Wengi huimeza wakishaungua, halafu wanailaumu dawa! Nafuu kamili huchukua siku 1 hadi 4. Choo cheusi au chakula kukwama kooni? Hospitali, si duka la dawa.