Studio ya picha za kizamani Ngamiani, nendeni jamani

Watu wa Tanga kama hamjafika hii studio ya Ngamiani mnachelewa, yaani wanakupiga picha kwa pozi la karne ya 19, kiti cha kuchonga, pazia zito nyuma, mkono juu ya meza, af wanakubandikia kwenye kadi ngumu ndogo kama zile mpiga picha Mfaransa Disdéri alizozikatia hataza (haki ya ubunifu) Paris mwaka 1854. Yule bwana alitoa picha 8 kwenye kioo kimoja, ndo bei ikashuka na watu wengi wakaanza kuingia studio, mana dagerotaipu, aina ya picha iliyotangulia, ya 1839 ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, picha moja basi, kopi hakuna.

Kilichonikosha ni kile chuma cha kushika kisogo, fundi kaniwekea kabisa! Enzi hizo ulikaa sekunde kadhaa bila kutikisika, ukicheza kidogo tu sura inavurugika, ndo moja ya sababu wazee wa kwenye hizo picha wengi hawacheki. Shingo inanyooka yenyewe, bibi alipoiona akasema mjukuu wangu umekaa kama liwali.

Ila rangi ya kahawia wanaitia kwa kompyuta, karatasi za zamani zilipakwa ute wa yai na chumvi za fedha, ukisogeza jichoni tofauti unaiona, na gundi wapunguze, kadi yangu moja imejikunja kona. Elfu 15 kwa kadi 4 naona halali kabisa. Nendeni asubuhi, jioni wanajaa maharusi.