Laki tatu zangu, na siku mwalimu alipoinua karatasi yangu darasani

Hili nimelikalia miezi kadhaa. Juzi kituo kikanitumia ujumbe kuniomba niandike neno zuri kuhusu huduma yao, hasira yote ikarudi upya.

Nilijiandikisha kwenye kituo kimoja cha twisheni hapa Dodoma kujiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani na Kanada. Laki tatu, jioni tatu kwa wiki, natoka kazini nakimbilia daladala bila kula. Nilichokuwa nakiogopa ni kimoja tu, ufahamu. Msidhani ni ule wa kidato cha nne, ambao jibu unaliona mstari wa tatu ukalinakili. Huku kifungu kinakuletea wasomi wanaobishana, mwandishi naye anajipenyeza katikati kwa neno moja dogo, halafu unaulizwa msimamo wake ni upi. Vifungu vinne, dakika 35.

Wiki ya pili, au ya tatu, tulipewa kifungu cha mazoezi kuhusu mila za ardhi. Wasomi wanasema kuziandika mila kumezilinda. Mwandishi anasema kumezigandisha, maana mila hubadilika pamoja na wenye nayo. Pembeni nikaandika kwa penseli: "Wao: zimelindwa. Yeye: zimeganda." Mwalimu alikuwa anapita kati ya madawati. Akaichukua karatasi yangu, akaiinua darasa zima lione, akasema: "Dada huyu anataka kusomea sheria Marekani, na Kiingereza anakisoma kwa Kiswahili. Shule ya kata haijifichi." Watu wakacheka.

Ni kweli nimesoma shule ya kata, kule Mpwapwa. Dawati moja tulikaa watatu, na mwalimu wa Kiingereza tulimpata tukiwa kidato cha tatu. Sioni aibu. Kinachoniuma ni kwamba aliinua karatasi bila kusoma kilichoandikwa. Yale maneno manne ndiyo yalikuwa kifungu chote! Na maswali matatu niliyoyafikia niliyapata yote.

Sawa, matatu kati ya sita. Muda uliniishia, na kwa hilo alikuwa na haki ya kunisema, kasi yangu ilikuwa mbovu. Tena msaidizi wake, kaka mmoja mpole wa Jumamosi, alinipa kitu kinachokaribia kurudisha ada peke yake: ukikuta "hata hivyo", simama, maana mara nyingi hapo ndipo mwandishi anaacha ya wengine na kuanza ya kwake. Na jibu lenye "kamwe" au "daima" lichunguze upya, kifungu huenda hakikusema kwa ukali huo. Vitini sasa, vimejaa michezo ya mantiki, sehemu iliyoondolewa kwenye mtihani tangu Agosti 2024. Tumelipia kurasa za mtihani ambao haupo.

Usiku ule nilimpigia mama. Yeye ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, mmoja wa wanawake watatu ambao sheria inataka wawepo kati ya wajumbe saba. Nikamsimulia kile kifungu kwa Kiswahili. Hakugusa habari ya mwalimu, nilipofika aya ya tatu akanikatiza: "Subiri mwanangu. Hayo ni ya nani, ya hao wasomi au ya huyo mwandishi?" Nikakwama. Hapo ndipo nilipogundua aya ya tatu sikuielewa, niliipita tu. Mama akasema, "Sisi mlalamikaji akimaliza kusema, hatuondoki na maneno yake tukadhani ndiyo kesi yote."

Tangu siku hiyo kila kifungu nakisimulia kwanza kwa Kiswahili, ndipo naangalia maswali. Mwanzo ilinichukua robo saa nzima. Sasa ni kimoyomoyo, pumzi mbili tatu, na wiki iliyopita nilimaliza vifungu vyote vinne kabla saa haijalia.

Nilitaka niishie hapa niwaambie nendeni, vumilieni mdomo wa mwalimu, Jumamosi za msaidizi wake zinalipa. Lakini nikifika hapo namkumbuka binti wa Kondoa aliyekaa kushoto kwangu. Naye alikuwa anaandika Kiswahili pembeni. Wakati wenzetu wanacheka, yeye alikuwa anafuta. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Wiki iliyofuata hakuja, na hakuja tena, na ada alishalipa yote.

Hapana. Msiende. Hata Jumamosi msiende. Mtu anayemfanya mwanafunzi afute kile alichokielewa hastahili hata mia yenu.

Dada wa Kondoa, ukiliona hili, kitini chako ulikiacha juu ya dawati, nimekitunza. Jumapili mchana huwa nasomea pale Nyerere Square, kivulini. Njoo na penseli.