Mrija Ulitolewa kwa Tarehe ya Tiketi: Uzoefu Wangu wa Kurekebisha Tumbo na Kiuno Istanbul

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na kiuno ambacho sikuwa nimekiona tangu uzazi wa pili, na nikiwa na maji chini ya ngozi ya tumbo yaliyokuwa yakicheza kila nilipojigeuza kitandani. Vyote viwili nilivipata katika safari moja, kwa malipo ya mara moja, na ndiyo maana nimechukua muda mrefu kuandika: kila nikikaa kumsifu daktari, hasira juu ya walioniuzia safari hunipanda, na kila nikianza kuwalaumu, nikipita mbele ya kioo ulimi hunilegea.

Nianze na kilichonipeleka. Nimezaa watoto watatu, wawili kati yao kwa upasuaji. Bibi alinikanda kwa maji ya moto na kunifunga mkaja kila uzazi, arobaini nzima, bila kuruka siku, na sina neno baya juu ya mikono yake. Lakini misuli miwili inayoshuka katikati ya tumbo ilikuwa imeachana kiasi kwamba nikijiinua kitandani palichomoza tuta kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, na ngozi ya chini ya kitovu ilikuwa imelegea ikalalia kovu. Nilipunguza kilo 11 kwa kutembea na kuacha wali wa usiku. Mikono ikapungua, uso ukapungua, tumbo likabaki pale pale, tupu kama mfuko. Siku moja fundi wa nguo, akinipima sare ya harusi ya binamu yangu, aliniuliza kwa upole kabisa kama aache nafasi, kwa kuwa harusi ilikuwa miezi miwili mbele na mimba ingekuwa imekua. Nilimjibu aache, nikalipa, nikaondoka. Simlaumu hadi leo, ila nguo ile sikuivaa.

Wapo watakaouliza kwa nini sikufanyiwa hapa nyumbani, ilhali hospitali ya Mloganzila hapa Dar walianza upasuaji rekebishi mwaka 2023. Jibu langu ni la kweli na halinipendezi: nilitaka kuondoka na tumbo moja na kurudi na jingine bila mtaa kujua. Wauzaji wa safari za matibabu wanaijua haya hiyo, na wameijengea biashara.

Nilichofanyiwa ni kazi mbili zilizounganishwa katika usingizi mmoja, na naomba wanaodhani ni kunyonya mafuta tu wanisikilize hapa. Mafuta yalinyonywa ubavuni, kiunoni kwa nyuma na sehemu ya juu ya tumbo. Kisha ngozi iliyozidi ikakatwa kutoka nyonga hadi nyonga, misuli ikashonwa irudiane katikati, na kitovu kikatobolewa tundu jipya la kutokea. Ningenyonywa mafuta peke yake, ngozi ingezidi kuning'inia, maana kunyonya hakukazi ngozi wala hakurudishi misuli. Ningekatwa ngozi peke yake, tumbo lingelala lakini ubavu ungebaki mnene na kiuno kisingeonekana.

Daktari bingwa alinieleza haya kwa kalamu na karatasi, bila haraka, na hata leo nikiwa na hasira siwezi kumnyima haki hiyo. Alinichorea kwa nini madaktari walikaa miaka mingi wakiogopa kuunganisha kazi hizi: ngozi ya tumbo ikishainuliwa hupoteza sehemu ya damu yake, na anayenyonya mafuta ovyo anaweza kuharibu mishipa iliyobaki, ngozi ya katikati ikafa. Akanitajia Mbrazili Osvaldo Saldanha, aliyeeleza mwaka 2001 namna ya kuinua ngozi kwa njia nyembamba tu ya katikati na kuiacha mishipa midogo ya pembeni inayopenya misulini, ili kunyonya na kukata viweze kufanyika pamoja kwa usalama zaidi. Aliniuliza kama navuta sigara, kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuganda damu miguuni. Daktari anayeuliza hivyo anamjali aliye mbele yake. Ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa sahihi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Maumivu ya misuli iliyoshonwa ni makali, kikohozi kidogo tu hukutoa machozi, na kwa zaidi ya wiki moja unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hayo niliambiwa mapema, nikayapokea. Asubuhi ya kwanza mhudumu wa usafi aliponikuta nikijikokota ukumbini aliniambia “geçmiş olsun”, neno lao la kumpa mgonjwa pole, akaweka ufagio kando na kunishika mkono hadi mlangoni. Hakuwa kwenye kifurushi nilicholipia.

Sasa nije kwenye mrija.

Kati ya ngozi iliyoinuliwa na misuli iliyo chini yake hubaki nafasi kubwa, na mwili huijaza nafasi hiyo kwa maji. Kwa hiyo niliwekewa mirija miwili, mmoja kila upande, kila mmoja ukiishia kwenye kibuyu cha plastiki chenye ukubwa wa embe dogo, ambacho ukikiminya na kukifunga kinavuta maji polepole. Kipimo ambacho madaktari wengi hukitumia ni kwamba mrija hutolewa maji yanapopungua hadi chini ya mililita 30 kwa saa 24. Daktari aliiandika namba hiyo, 30, kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari la hesabu la binti yangu nililokuwa nimelibeba, akaizungushia duara mara mbili. Nikawa naandika kila asubuhi. Upande wa kulia: 110, 80, 55, 35, 20. Upande wa kushoto: 160, 140, 125, 110, 95.

Kifurushi kilikuwa na usiku mbili za hospitali, hoteli, gari la kunileta na kunirudisha uwanja wa ndege, na tiketi ya kurudi iliyokatwa kabla hata sijavua viatu kwenye meza ya daktari. Siku ya kuamkia safari, mratibu wa wagonjwa alikuja chumbani kwangu hotelini akiwa na muuguzi kijana, akasema wamekuja kutoa mirija. Mrija wa kulia ukatolewa, na ulikuwa umestahili kutolewa. Nilipomwonyesha daftari na kumwambia kwamba wa kushoto bado unatoa 95, hakulitazama. Alisema kesho nasafiri. Nikamwomba ampigie daktari. Akasema daktari yuko chumba cha upasuaji. Nikasema nitasubiri. Hapo ndipo alipoinua kiganja chake mbele ya uso wangu, mimi nikiwa nimelala chali na siwezi hata kuketi bila msaada, akaniambia kwa Kiingereza: “Mpenzi wangu, wewe si daktari, na chumba hiki kesho saa nne kina mgeni mwingine.”

Muuguzi alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, kisha akainamisha macho. Alijua. Mrija ulipokuwa ukitoka nilihisi kama uzi mrefu wa moto unaburutwa ndani ya mwili, kutoka ubavuni hadi kwenye kinena, na sikulia kwa sababu ya maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa na umri wa kumzaa yule mratibu, na alikuwa amenifunga mdomo kwa kiganja chake.

Kuhusu ndege sitasema mengi: takriban saa saba angani, soksi ndefu za kubana, sindano ya kuzuia damu kuganda niliyojidunga pajani chooni, na kusimama kila saa kutembea kwenye ujia. Aliyeunganisha upasuaji mkubwa namna hii na safari ndefu yuko kwenye hatari ya bonge la damu kupanda hadi mapafuni, na afadhali ajue hivyo akiwa bado na uwezo wa kubadilisha tarehe.

Siku chache baada ya kufika, nilikuwa naoga nikagonga upande wa kushoto wa tumbo kwa bahati mbaya, nikaona wimbi likitembea chini ya ngozi kwenda upande wa kulia. Niligonga tena kuhakikisha. Wimbi likapita tena. Nilimtumia mratibu video. Jibu likaja jioni: uvimbe wa kawaida, vaa nguo ya kubana. Nilikuwa nimeivaa usiku na mchana. Nikaandika tena, nikaandika mara ya tatu, nikiona ujumbe umesomwa na haujibiwi.

Daktari aliyenipokea hapa mjini alinipima kwa ultrasaundi, akanionyesha ziwa jeusi kwenye kioo cha mashine, akasema linaitwa seroma. Siku hiyo alinyonya mililita 220 kwa bomba kubwa la sindano, maji ya rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Sindano sikuisikia hata kidogo, kwa kuwa ngozi ilikuwa bado na ganzi ya upasuaji. Nilikaa nikitazama chuma kinaingia kwenye tumbo langu kana kwamba ni tumbo la mtu mwingine aliyelala karibu nami. Nilirudi kwake mara nne zaidi: 180, 110, 60, 25. Kila mara nililipa kutoka mfukoni. Aliniomba maelezo ya upasuaji ili ajue kilichofanyika ndani, nikampa ukurasa mmoja wa Kituruki, ndicho pekee nilichopewa. Alilazimika kumtafuta rafiki yake amtafsirie.

Lazima niwe mwadilifu. Daktari huyu huyu aliniambia kwamba seroma inaweza kumpata mtu hata mrija ukitolewa kwa wakati wake, na kwamba kila ngozi inapoinuliwa kwa upana maji hukimbilia hapo. Nalikubali hilo. Pengine ningeyapata maji hata kama ningebaki Istanbul wiki mbili. Lakini ningeyapata karibu na mtu aliyenipasua, mwenye kujua alichokishona, wala si bafuni kwangu nikigonga tumbo kama anayechagua tikiti sokoni.

Halafu siku moja, nikiwa nimeshaandika moyoni kwamba wote ni wale wale, daktari wa Istanbul alinipigia mwenyewe kwa video. Yule muuguzi kijana ndiye aliyemweleza. Aliniomba nimsomee namba za daftari, upande wa kushoto, siku kwa siku. Nilipofika 95 alinyamaza. Akauliza nani aliamuru utolewe. Nikamwambia. Akasema hakuulizwa, na akaniomba radhi bila kujitetea, kisha akanifuatilia kila wiki hadi maji yalipokauka. Baada ya simu ile nilikuwa tayari kumpa nyota zote zilizopo, na hata leo nikivaa gauni lenye mkanda nasema mikono yake ina baraka: kiuno kiko sawa pande zote, tuta limekwisha, kovu limekaa chini mahali nguo ya ndani inapolifunika, na ingawa ngozi yetu nyeusi huwa na hatari ya kovu kuumuka, langu limebaki bapa.

Nikifika hapo hasira inarudi. Kama hakuulizwa, kwa nini hakuuliza? Ni yeye aliyezungushia 30 duara. Anafanya kazi chini ya paa ambalo tarehe ya kutoa mrija hupangwa na mkata tiketi, na baada yangu ameendelea kufanya kazi hapo hapo. Radhi yake naipokea kwa moyo wote, ila sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ningerudia upasuaji wenyewe, nitasema ndiyo, hata kesho. Kwa kampuni ile, hapana, hata wakinilipa. Jana ningesema pia nisingerudia kwa daktari yule. Leo sina uhakika wa hilo.

Wifi yangu ameona tumbo langu na ameshalipa malipo ya awali mahali pengine, mji huo huo, kifurushi cha siku nane. Alinijia na karatasi zake akiona haya, kama nilivyoona haya mimi. Sikumkataza. Nilimpa lile daftari, lenye kurasa ambazo hazijaandikwa, nikamwambia: “Wifi, kabla ya yote waandikie wakujibu kwa maandishi nani mwenye amri ya kutoa mrija, na tiketi ya kurudi wasikukatie. Utaikata mwenyewe ukishafika 30.” Bado anasubiri jibu lao.